Nani Anayekula Bima ya Kukosa Ajira?

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wawakilishi wenzangu kutoka viwandani, vijana mnaojiandaa kwenda kufanya kazi ughaibuni, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wafanyakazi na wanafunzi hapa Nairobi. Nimerefusha pale muda uliponibana, na nimeondoa mizaha miwili ambayo ilifaa ukumbini tu. Mada yenyewe ilitoka kwa kijana mmoja wa Kayole ambaye husoma Kijerumani kila jioni baada ya kazi. Alikuwa ametazama video ya mwanasiasa wa Ulaya aliyedai kwamba wageni huenda kwao kula mafao ya kukosa ajira ambayo wazawa wameyatolea jasho, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona haya kwa ajili ya safari ambayo bado hajaifungia mizigo: "Mzee, ni kweli sisi ndio tunaoyatumia zaidi?"

Swali hilo linawachanganya watu watatu ambao sheria huwatenganisha. Wa kwanza ni aliyechangia, wa pili ni anayeruhusiwa kudai, na wa tatu ni aliyedai kweli akalipwa. Mwanasiasa humtazama huyo wa tatu peke yake na kuhesabu pasipoti. Mimi, baada ya miaka mingi ya kuwasindikiza wenzangu katika ofisi za waajiri wakiwa na barua za kuachishwa kazi mikononi, nimejifunza kuanza na yule wa kwanza, kwa sababu mhamiaji mara nyingi huwa katika orodha ya wachangiaji mapema sana, kisha huanguka njiani kabla ya kufika katika orodha ya wanaolipwa.

Tuanze na maana ya kitu chenyewe. Bima ya kukosa ajira ilipowekwa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1911, haikuwa sadaka kwa maskini. Iliwahusu wafanyakazi wa sekta chache, zikiwemo ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi, ambako kazi huja na kuondoka kwa misimu, na ililipiwa na mfanyakazi, mwajiri na serikali kwa pamoja. Ujerumani iliweka yake mwaka 1927. Mwenye matatu hapa kwetu analielewa jambo hili bila kufundishwa: hulipia bima ya gari lake kila mwaka, na likigongwa hakuna anayemwuliza babu yake amezikwa wapi kabla ya kupokea madai yake. Alilipa, hasara imetokea, basi. Msaada wa serikali kwa asiye na kipato ni jambo jingine. Huo hutoka katika kodi, hupimwa kwa uhitaji, na hapo ndipo nchi inapoweza kuuliza, kwa haki au bila haki, kama mhitaji huyu ni wake.

Ugomvi mwingi ninaousikia kuhusu wahamiaji na mafao unatokana na kuvunja ukuta huo kati ya bima na msaada. Ujerumani ni mfano mzuri, na kwa kuwa Kenya ilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi na nchi hiyo Septemba 2024, inafaa tuuangalie kwa utulivu.

Mfanyakazi wa Ujerumani hukatwa asilimia 1.3 ya mshahara wake kwa ajili ya bima hiyo, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Anayepoteza kazi anahitaji kuwa amechangia angalau miezi 12 ndani ya miezi 30 iliyotangulia. Akitimiza hayo, hulipwa asilimia 60 ya mshahara wake baada ya makato, au asilimia 67 ikiwa ana mtoto, kwa miezi 6 kwenda juu kulingana na muda aliochangia na umri wake, na mwisho kabisa ni miezi 24. Fomu hiyo haimtofautishi mtu wa Nakuru na mtu wa Munich. Pembeni yake kuna msaada mwingine, ulioitwa Bürgergeld tangu Januari 2023, ambao mwaka 2024 ulikuwa euro 563 kwa mwezi kwa mtu mzima anayeishi peke yake, mbali na gharama za nyumba. Huo hauhitaji mchango wowote. Wakimbizi wa vita kutoka Ukraine waliingizwa katika mfumo huo kuanzia Juni 2022, wengi wao wakiwa wanawake, wakiwemo akina mama wenye watoto, watu ambao hawakuwahi kuajiriwa Ujerumani hata siku moja na kwa hiyo hawakuwa na bima ya kudai. Mtu akijumlisha makundi hayo mawili, kisha akatangaza kwamba wageni katika "fedha za wasio na kazi" ni wengi kuliko sehemu yao ya wakazi wa nchi, atakuwa amesema kweli kwa hesabu na kudanganya kwa maana. Fundi wa umeme kutoka Kenya aliyekatwa mshahara miaka mitatu atakuwa ameingizwa katika kapu moja na mama aliyekimbia mabomu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wahamiaji hawatumii misaada ya umma kuliko wazawa popote pale. Anayesema hivyo hajasoma. Utafiti wa Jorgen Hansen na Magnus Lofstrom kuhusu Sweden, uliochapishwa mwaka 2003 kwa takwimu za miaka ya 1990, ulionyesha kwamba wahamiaji walitumia msaada wa jamii zaidi ya wazawa, na kwamba tofauti za sifa zinazoonekana kwenye takwimu hazikutosha kulieleza pengo hilo lote. Ulionyesha pia kwamba matumizi yalipungua kadiri miaka ya kukaa ilivyoongezeka, na kwamba wakimbizi, ambao ndio walioanza wakiwa juu zaidi, waliteremka haraka kuliko wahamiaji wengine. Matokeo hayo ninayakubali. Ila yanahusu msaada, na nchi iliyokuwa katika mdororo mkali wa uchumi, na watu ambao wengi wao waliingia wakitafuta hifadhi. Hayawezi kuhamishiwa kwa nesi aliyeitwa kwa barua ya ajira.

Kwa upande wa bima yenyewe, ukitaka kumlinganisha mgeni na mwenyeji kwa haki, lazima uwaweke kwenye mzani wakiwa na umri mmoja, kazi ya aina moja na muda sawa kazini. Wahamiaji Ujerumani ni wengi kupita kiasi katika kampuni zinazokodisha wafanyakazi kwa muda, na huko ndiko watu hupunguzwa kwanza biashara inapoyumba. Kwa sababu hiyo wanapoteza kazi mara nyingi zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo mikataba yao huwa mifupi, na aliyefanya kazi miezi 10 hafikii ile miezi 12. Kwa hiyo sababu moja inamsukuma mhamiaji kwenye mlango wa ofisi ya mafao na papo hapo inaufunga mlango huo. Takwimu ya mwisho inayoonyesha wangapi walilipwa haiwezi kukueleza ni msukumo upi ulioshinda.

Kisha kuna saa ya kibali, ambayo mzawa haijui. Mkenya mwenye kibali cha mfanyakazi stadi Ujerumani, kazi ikikatizwa kabla ya wakati, anatakiwa kuiarifu idara ya wageni ndani ya wiki 2, na idara hiyo inaweza kuufupisha muda wa kibali chake. Uingereza, anayepoteza mwajiri aliyemdhamini kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka, na visa yake tangu mwanzo hubeba sharti la kutogusa fedha za umma. Sharti hilo haliligusi fao la bima linalotokana na michango ya National Insurance, yaani bima ya taifa, na mfanyakazi aliyechangia vya kutosha anaweza kulidai. Lakini ni nani kati yenu angeisoma sentensi hiyo ya katazo kwenye hati yake, halafu akawa na ujasiri wa kwenda kujaza fomu? Nimezungumza kwa simu na dada mmoja anayewatunza wazee kule, aliyekaa wiki saba bila kazi akila akiba yake, kwa hofu kwamba kuuliza tu kungemharibia visa. Marekani nako, mwenye visa ya H-1B, ile ya wafanyakazi wenye utaalamu, hupewa hadi siku 60 baada ya ajira kukoma, wakati bima ya majimbo mengi hulipa hadi wiki 26. Linganisheni wenyewe siku 60 na wiki 26.

Sasa niwageukie akina mama na dada zetu wanaokwenda Ghuba, kwa kuwa ndio wengi katika foleni ninazoziona uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wakiwa na fulana za rangi moja na bahasha za wakala. Saudi Arabia ina bima nzuri ya kukosa ajira iitwayo SANED, iliyoanza mwaka 2014. Ni ya raia wa Saudi Arabia peke yao. Huko, basi, swali la nani anatumia zaidi limekwisha kabla halijaulizwa: mgeni hatumii chochote, kwa sababu hakuingizwa.

Falme za Kiarabu zilichukua njia nyingine. Tangu Januari 2023 wafanyakazi wa sekta binafsi na wa serikali kuu, raia na wageni, wanalazimika kujiunga na bima ya kupoteza ajira. Mwenye mshahara wa msingi usiozidi dirham 16,000 hulipa dirham 5 kwa mwezi. Mwenye zaidi hulipa 10. Anayeachishwa kazi bila kosa la kinidhamu, akiwa amelipia miezi 12 mfululizo, hupata asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa muda usiozidi miezi 3. Zingatieni neno "msingi". Mlinzi wa usiku ambaye mkataba wake unasema dirham 1,000 za msingi na 800 za marupurupu atahesabiwa ile 1,000, na atapata 600 kwa mwezi. Dai linapaswa kupelekwa ndani ya siku 30, na anayelipwa lazima awe yumo nchini kihalali. Ukirudishwa Nairobi kwa ndege ya wiki ijayo, umeiacha bima yako uwanja wa ndege. Na wafanyakazi wa majumbani hawamo kabisa. Kwa hiyo dada wa Kitengela anayehudumu mkahawani Dubai anayo bima, na pacha wake anayelea watoto katika nyumba ya ghorofa ya jirani hana, ingawa wote wawili walipanda ndege moja.

Afrika Kusini inafaa kutajwa hapa, maana waliwaingiza wafanyakazi wa majumbani katika mfuko wao wa bima ya kukosa ajira mwezi Aprili 2003, kwa mchango wa asilimia 1 kutoka kwa mfanyakazi na 1 kutoka kwa mwajiri. Wageni waliokuja kwa mikataba na kutakiwa kurudi kwao baada ya kazi walikuwa nje ya mchango huo hadi Machi 2018.

Jirani zetu wa Tanzania wametuzidi katika hili, na lugha nayo wametuzidi, kwani ndio waliotupa maneno tunayoyahitaji. Mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yalileta fao la kukosa ajira badala ya lile fao la kujitoa, ambalo lilimwezesha mwanachama kuchukua michango yake yote anapoacha kazi. Aliyechangia miezi 18 na zaidi, akaachishwa kazi pasipo hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kelele zilikuwa nyingi, na sishangai: vibarua wa migodini na wa ujenzi walitaka fedha yao yote mkononi, kwa sababu mtu ambaye kazi yake hudumu mwaka mmoja haoni faida ya mpango uliotungwa kwa ajili ya karani. Wazawa walilalamikia kitu kile kile kinachomuumiza mhamiaji kule Ulaya: masharti yanayomdhania mfanyakazi kuwa amekaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Na sisi je? Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Imeandikwa "kila mtu", haikuandikwa "kila raia". Lakini mfanyakazi wa Nairobi akiachishwa kazi leo, hakuna mfuko wa bima unaomngoja. Anachonacho ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi amlipe kila mmoja mshahara wa angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Aliyetumikia miaka minne anaondoka na siku 60. Mwajiri akifilisika, mfanyakazi anajiunga na foleni ya wadai. Mtu wa jua kali, yaani fundi wa sekta isiyo rasmi, pale Kamukunji hana hata hizo siku 15. Hatuko peke yetu: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba ni asilimia 18.6 tu ya wasio na ajira duniani waliokuwa wakipata fao la fedha.

Kwa nini hatukujenga bima hii? Sababu mojawapo ni ya zamani kuliko Jamhuri. Serikali ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa Nairobi kuwa mgeni mjini, mtu wa kipande, ile pasi ya kazi ya kikoloni, ambaye kazi ikiisha anarudi kwao kwenye shamba litakalomlisha. Kamati ya mishahara ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Carpenter iliipinga fikra hiyo na kudai mshahara unaoweza kuitunza familia mjini, lakini fikra yenyewe haikufa. Hata leo, kijana wa Mukuru akipoteza kazi, ushauri wa kwanza anaoupata ni kwamba arudi ushago, yaani kijijini kwao. Ushago ndio bima yetu ya kukosa ajira, na chama cha akina mama cha kuchangishana ndio wakala wake. Kijana aliyezaliwa Mukuru, ambaye baba yake pia alizaliwa Mukuru, arudi wapi? Ninapomsikia mwanasiasa wa Ulaya akimwambia mhamiaji arudi kwao, huwa nakumbuka kwamba maneno hayo tuliambiwa hapa hapa, katika mji wetu wenyewe.

Nasi tuna wageni wetu. Wako Waganda, Watanzania, Wakongo, Wasomali na Wasudan Kusini wanaofanya kazi katika jiji hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inasema kwamba mfanyakazi kutoka nchi mwanachama afurahie haki za hifadhi ya jamii kama mfanyakazi wa nchi aliyomo. Kenya pia ni miongoni mwa nchi zilizoridhia Mkataba Namba 118 wa mwaka 1962 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu usawa kati ya raia na wageni katika hifadhi ya jamii. Maandishi tunayo. Kumbukumbu ya yanayotokea maandishi yanapovunjika tunayo pia: mwaka 1970 serikali ya Uganda iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya, na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa na michango isiyojulikana ni deni la nani. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, na bado miaka ya 2000 ilikuta wazee wa Tanzania wakidai mafao yao mahakamani.

Kwa hiyo, mjadala wa kuanzisha mfuko wa bima ya kukosa ajira hapa Kenya unapoibuka tena, kama unavyoibuka kila baada ya muda, ombi langu kwa viongozi walioketi hapa ni kwamba haki ifuate makato, si kitambulisho. Anayekatwa alipwe. Muda wa kuchangia uhesabiwe kwa jumla hata mtu akiwa amebadilisha waajiri watano, la sivyo tutakuwa tumewatungia sheria makarani. Michango ya nchi moja ya Jumuiya ihesabiwe katika nyingine, kama Umoja wa Ulaya unavyofanya kwa kanuni yake ya mwaka 2004, ambayo humruhusu pia mtu kuchukua fao lake kwa miezi 3 akiwa anatafuta kazi katika nchi nyingine mwanachama. Na kibali cha kazi kisife kabla ya fao. Hilo la mwisho ni gumu kisiasa, nalijua, na sitarajii makofi.

Nina sababu ya kulishikilia. Mwaka 2011 nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha nguo Eneo la Viwanda, na mafundi wawili wa cherehani walipunguzwa siku moja, mmoja wa Kitui na mwingine wa Tanga. Wote walikuwa wametimiza miaka tisa. Nilisimamia malipo yao na nikajivunia kwamba kila mmoja alipata siku zake 135 bila kupunjwa hata senti. Wa Kitui alikwenda kwao, akarudi baada ya miezi mitatu, akapata kazi Ruaraka. Kibali cha wa Tanga kilifungwa kwa jina la mwajiri yule, kwa hiyo aliondoka. Michango yake ya uzeeni, shilingi 400 kwa mwezi, mia mbili zake na mia mbili za mwajiri, ilibaki Nairobi: shilingi 43,200 bila faida. Sheria inampa mwanachama anayehama nchi kabisa haki ya kulipwa. Nilikuwa naijua. Sikumwambia, kwa kuwa siku ile nilimwona kama mtu anayerudi nyumbani, na anayerudi nyumbani sikudhani anahitaji kitu.

Nilimpata kwa simu mwaka jana. Aliniuliza kama namba yake ya uanachama bado inafanya kazi, akanisomea kwa kichwa, tarakimu zote, bila kukosea. Nimemwomba anitumie nakala ya pasipoti yake ya zamani, ile yenye mhuri wa mpakani Lunga Lunga, na bado naingoja.

Asanteni sana.